Vidonge vya Sonona Vyataka Subira na Kufuli

Treni itokayo Tabora huingia Mpanda na mizigo ya kila namna, na mfukoni mwa msafiri mmoja huenda kimo kibahasha cha dawa. Tuseme ni baba mwenye familia. Kwa miezi kadhaa hakulala vema, hakula, wala shamba lake la tumbaku halikumvuta tena. Daktari ameuita ugonjwa huo sonona, akampa amitriptilini. Siku ya tano mdomo wamkauka, choo kimekuwa kigumu, kichwa kizito, na huzuni iko pale pale. Jirani amshauri avitupe.

Hapo ndipo wengi wanapopotea, ndugu msomaji. Madhara hutangulia; nafuu huja baada ya wiki mbili hadi nne, pengine zaidi.

Chembe za ubongo husemezana kwa kupelekeana kemikali, zikiwamo serotonini na noradrenalini. Kemikali hiyo ni kama mjumbe ambaye, akishatoa habari, huitwa nyumbani upesi. Amitriptilini, ya kundi la zamani, huwachelewesha wajumbe wote wawili wasirudi. Fluoksetini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987, humchelewesha hasa serotonini. Isidhaniwe kwamba sonona ni upungufu wa serotonini tu. Wataalamu wa leo hawakubali maelezo mepesi hivyo.

Kundi jingine liligunduliwa kwa bahati. Mwaka 1952, wagonjwa wa kifua kikuu mjini New York waliopewa iproniazidi walichangamka ajabu. Dawa za namna hiyo huzuia kemikali hizo zisivunjwevunjwe, lakini mgonjwa akila jibini iliyokaa sana au akinywa baadhi ya pombe za kuchachusha, shinikizo la damu laweza kupanda ghafla. Siku hizi hutolewa kwa nadra.

Fluoksetini huweza kuleta kichefuchefu, kukosa usingizi, na kupunguza hamu ya tendo la ndoa, jambo ambalo wanandoa huona haya kulitaja mbele ya mganga. Litajwe. Itajwe pia tramado, ambayo vijana wengine huimeza kama peremende: ikichanganywa na dawa hizi yaweza kuleta degedege na homa kali. Kwa walio chini ya miaka 25, mawazo ya kujiua huweza kuongezeka wiki za mwanzo. Jamaa wasimwache mgonjwa peke yake, na wakiyasikia wamrudishe kwa daktari siku hiyo hiyo.

Lakini hatari inayonitia hofu kuliko zote imo ndani ya kabati. Amitriptilini ikizidishwa huvuruga mapigo ya moyo, na vidonge vya wiki chache vyatosha kuua mtu mzima, sembuse mtoto. Mke, kaka au shangazi avitunze chini ya kufuli, atoe vya siku.

Tena visikatizwe ghafla, maana kizunguzungu na mahangaiko hufuata. Daktari ndiye apunguzaye kidogo kidogo. Anayetoka Karema, Mishamo au Inyonga, hasa masika, asingoje kidonge cha mwisho ndipo aanze safari ya kwenda Mpanda.