Saa 24 kwa injini ya cc 3.5: mbio zinazoamuliwa na daftari

Mfanyabiashara akisikia habari za magari ya kuongozwa kwa redio, mawazo yake huenda kwenye rafu ya duka la vifaa vya watoto. Gari la nitro la kipimo cha moja ya nane halikai kwenye rafu hiyo. Lina kabureta, klachi, breki, difu tatu na shokapu nne za mafuta, na injini yake ya cc 3.5 huzunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika. Kwa timu inayotaka kulikimbiza usiku na mchana, gari hili ni mradi wenye mtaji, uchakavu na hatari ya hasara.

Fainali ya ubingwa wa dunia wa magari haya kwenye njia ya vumbi, chini ya shirikisho la IFMAR, ni ya saa 1. Vilabu vya Ulaya, Marekani na Japani vimekuwa vikiandaa pia mbio za saa 6, 12 na hata 24. Gari ni lile lile, injini ni ile ile, lakini hesabu hubadilika kabisa.

Mafuta ndiyo mwanzo wa hesabu hiyo. Kwa kanuni, tangi la daraja hili halizidi cc 125. Chukulia kwamba tangi moja linadumu dakika 8: katika saa 24 gari litaingia kujaza mara 180 na kunywa lita 22.5, yaani karibu galoni 6 za Marekani. Galoni moja Marekani huuzwa kwa takriban dola 30 hadi 50 kutegemea kiasi cha nitro, hivyo mafuta pekee yanaweza kula dola 180 hadi 300 kabla ya tairi moja kununuliwa.

Mafuta yenyewe ni mchanganyiko wa methanoli, nitromethani na mafuta ya kulainisha. Hapa ndipo sheria ilipoingia sokoni. Jumuiya ya Ulaya ilianza kwa kuweka kikomo cha nitromethani kuwa asilimia 30 kwa mnunuzi wa kawaida, kwa sababu kemikali hiyo inaweza kutumika kutengenezea milipuko. Tangu Februari 1, 2021 kikomo kimeshushwa hadi asilimia 16, na anayetaka zaidi lazima awe na leseni, pale nchi yake inapoitoa. Asilimia hizo ni za uzito. Nitromethani ni nzito kuliko methanoli, kwa hiyo asilimia 16 ya uzito ni karibu asilimia 12 tu ya ujazo, na mnunuzi asiyesoma kibandiko cha kopo anaweza kulipia kitu kimoja akidhani amenunua kingine. Aidha, methanoli na nitromethani zote mbili husafirishwa kama shehena hatari ya daraja la 3, vimiminika vinavyowaka. Hazitumwi kama fulana au betri za saa. Mwenye duka lililo karibu na uwanja ana soko ambalo muuzaji wa mbali hawezi kulichukua kirahisi.

Baada ya mafuta ni injini, na hapa timu changa nyingi hupoteza fedha. Waendeshaji wazoefu hawapimi umri wa injini kwa miezi wala kwa saa, wanaupima kwa lita. Silinda ya injini hizi ni nyembamba kidogo kwa juu, na pistoni huibana inapofika kileleni. Bano hilo likiisha, injini inawaka ikiwa baridi na kuzimika ikipata moto. Kwa sababu hiyo injini mpya haipelekwi mbioni siku ya kwanza. Hupashwa moto kabla ya kuwashwa, huendeshwa kwa mchanganyiko wenye mafuta mengi, huachwa ipoe na kurudiwa tena, tangi baada ya tangi.

Konrodi ndicho kipuri cha kuangalia zaidi. Wengi huibadilisha baada ya lita 7 au 8, kabla haijakatika na kuharibu pistoni na silinda pamoja. Ukiweka kipimo hicho kando ya lita 22.5 zilizotajwa juu, jibu linajitokeza lenyewe: injini moja haitoshi. Timu inayojua kazi yake huingia na injini mbili au tatu zilizokwisha kuzoeshwa, kila moja ikiwa imefungwa klachi na gurudumu lake tayari, ili fundi afungue skrubu chache, atoe ile na kuweka hii. Injini nzuri ya mashindano huuzwa kwa mamia ya dola. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kila injini hapa ina ukurasa wake.

Kishawishi kikubwa ni kubana mafuta. Dereva akipunguza mchanganyiko kidogo, tangi la dakika 8 linaweza kufika dakika 9, na vituo vinashuka kutoka 180 hadi 160. Kama kila kituo, pamoja na kuingia na kutoka, kinagharimu sekunde 15, timu imeokoa sekunde 300, yaani dakika 5. Ni faida ya kweli kwenye karatasi. Tatizo ni kwamba katika injini hii mafuta ya kulainisha hupita pamoja na yale yanayoungua. Ukipunguza moja umepunguza na jingine. Joto likipanda sana, konrodi hukatika, na kubadili injini kwa haraka kunaweza kuchukua dakika 10 au zaidi. Kwa maneno mengine, timu imeweka rehani dakika 10 ili ipate 5. Wenye uzoefu huacha gari litoe mstari wa moshi unaoonekana kwenye sehemu iliyonyooka, na hupima joto la kichwa cha injini kila wanapopata nafasi.

Vitu vya bei ndogo navyo vina hasara zake. Chujio la hewa la sponji, lisilopakwa mafuta yake vizuri, hupitisha vumbi linalosaga silinda kwa muda mfupi, kwa hiyo machujio safi huandaliwa kwa wingi na kubadilishwa kwa ratiba. Beringi za klachi hufa kwa joto. Matairi hugundishwa upya kwenye rimu siku kadhaa kabla ya mbio. Betri ya risiva ikiisha gari linabaki bila mwongozo huku injini ikivuta, ndiyo maana kifaa cha kufunga mafuta na kukaza breki mawasiliano yanapokatika hujaribiwa kabla ya kila kitu kingine. Kuna hatari nyingine pia: methanoli ni sumu, na mwali wake hauonekani vizuri mchana. Glavu na kizimamoto si mapambo ya meza.

Ushindani wa umeme upo na unakua. Mota zisizo na brashi na betri za lithiamu zimewavuta wanunuzi wengi ambao hawataki moshi, kelele wala kopo la mafuta nyumbani. Hata hivyo, nitro hujazwa kwa sekunde chache na kuondoka, na katika mbio ndefu jambo hilo bado lina thamani yake. Watengenezaji wa Kijapani kama O.S. Engines, iliyoanza Osaka mwaka 1936, na Kyosho, iliyoanza Tokyo mwaka 1963, walijenga majina yao kwa wateja wa aina hii, wanaonunua gari mara moja na kurudi dukani kila mwezi kwa plagi, beringi na matairi.

Mbio zikiisha, injini husafishwa na kutiwa mafuta maalumu usiku huo huo, kwa kuwa mabaki ya methanoli huvuta unyevu na beringi hupata kutu. Baadhi huuzwa zikiwa zimetumika. Mnunuzi mwenye macho haulizi zimeshinda mbio ngapi. Anauliza zimekunywa lita ngapi, kisha anaomba kuona daftari.