Kutoka Newala Hadi Kilindini mwa Ubongo

Kichwa kinapiga ghafla, kwa kishindo, maumivu ambayo mtu hajawahi kuyaonja tangu azaliwe. Kisha kutapika, shingo kukakamaa, pengine fahamu kumtoka. Newala au Masasi, mkoani Mtwara, watasema presha imempanda, au malaria imemkwea kichwani, na siku ya kwanza inapotelea hapo. Nayo ndiyo siku ya thamani kuliko zote: mshipa wa ubongo uliopasuka umezibwa na donge la damu tu, na hatari ya kuvuja tena ni kubwa zaidi ndani ya saa 24.

Ugonjwa huu ni aneurizimu. Ukuta wa ateri hudhoofika, aghalabu pale inapogawanyika, ukatuna kama mpira wa ndani wa baiskeli uliochoka. Presha isiyotibiwa na sigara huchangia.

Uvimbe mgumu zaidi kuufikia ni ule wa ncha ya ateri ya besila, katikati kabisa ya kichwa, mbele ya shina la ubongo. Daktari hufungua fuvu ubavuni mwa paji, akapenya kwa hadubini katika ufa wa ubongo, milimita kwa milimita, hadi aione shingo ya uvimbe na kuibana kwa klipu. Pembeni yake vimejipanga vishipa vyembamba mno vinavyolisha shina la ubongo. Kimoja kikibanwa na klipu, mgonjwa anaweza asiamke tena. Walter Dandy alibana aneurizimu kwa klipu huko Marekani mwaka 1937, lakini aneurizimu za besila ziliogopwa hadi Charles Drake wa Kanada alipoonyesha njia. Tangu miaka ya 1990 katheta, yaani mrija mwembamba, huweza kupandishwa kutoka pajani, uvimbe ukajazwa koili za platinamu. Taasisi ya MOI, pale Muhimbili, Dar es Salaam, hufanya tiba hiyo bila kufungua fuvu.

Hospitali ya Mtakatifu Benedikto, Ndanda, chini ya uwanda wa Makonde, ndiyo kimbilio la watu wengi wa huku kusini. Kwa mgonjwa huyu kazi kubwa ya hospitali ya kwanza ni kushuku mapema, kudhibiti presha kwa uangalifu na kumsafirisha hadi Dar. Safari yenyewe inazidi kilomita 500. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ilikatika Somanga, magari yakakwama. Mgonjwa wa besila asingefika Dar kwa gari siku hizo. Ndiyo maana naona ndege ya wagonjwa kwa mikoa ya kusini iwekwe kwenye bajeti ile ile inayonunua koili na klipu.