Mafuta ya Damu Baada ya Uviko-19: Utangulizi

Huenda umefika hapa na karatasi ya maabara mkononi: uliugua Uviko-19, ukapona, na sasa unaambiwa mafuta ya damu yamepanda ilhali chakula chako ni kilekile. Usijilaumu bado. Tuanze na kikombe cha maji.

Dondoshea tone la mafuta, litaelea tu. Damu nayo sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo mwili huyafunga mafuta ndani ya lipoproteini, yaani vifurushi vyenye mafuta ndani na protini kwa nje. LDL ni kifurushi kinachosambaza lehemu, ambayo wengi huiita kolestro. Seli huihitaji, lakini ikizidi hujikusanya kwenye kuta za mishipa. HDL huirudisha ya ziada kwenye ini. Trigliseridi ni mafuta ya nishati. Vipimo hivi vikienda kombo, hali hiyo huitwa dislipidemia, neno gumu kwa jambo ambalo mgonjwa kwa kawaida halihisi kabisa.

Sasa kirusi kinaingia, na hapa ndipo wengi hukwama. Ungetarajia lehemu ipande mgonjwa akiwa hoi. Kumbe hushuka! LDL na HDL hupungua, huku trigliseridi mara nyingi zikipanda, kwa kuwa sitokini, kemikali ambazo chembe za kinga hutumia kupashana habari, huvuruga kazi ya ini na kudhoofisha kimeng'enya kinachovunja trigliseridi. Aliyepimwa wodini anaweza kuonekana hana tatizo. Akipona namba hurudi, na kwa baadhi ya watu huvuka pale zilipokuwa.

Mwaka 2023 jarida la The Lancet Diabetes & Endocrinology lilichapisha utafiti uliofuatilia wanajeshi wastaafu wa Marekani zaidi ya 50,000 waliougua. Uwezekano wao wa kupata dislipidemia ulizidi wa wasiougua kwa takribani asilimia 24, na waliolazwa walikuwa hatarini zaidi. Wengi wao walikuwa wanaume Wazungu wenye umri mkubwa, kwa hiyo mimi singeihamishia asilimia hiyo Temeke au Kisumu bila tahadhari. Tena kuongezeka uzito na dawa za steroidi navyo hupandisha mafuta.

Rudi basi kwenye karatasi yako. Kabla ya namba, tafuta tarehe ya kipimo; kando yake andika siku ulizougua. Kama unacho kipimo cha kabla ya ugonjwa, mpelekee daktari vyote viwili.