Kifuko cha Mafuta Kinachoukinga Moyo

Ukikaa kwenye wodi ya saratani, kuna dawa moja utaitambua kwa rangi. Ni nyekundu kama juisi ya rozela, na inaposhuka kwenye mrija kuelekea mkononi mwa mgonjwa, ndugu aliyekaa kando hushindwa kuitazama. Jioni mkojo nao hutoka mwekundu, na asiyeonywa mapema hudhani anakojoa damu.

Jina lake ni doksorubisini. Chimbuko lake ni bakteria wa udongo uliochotwa Italia miaka ya 1950, na hadi leo hutibu saratani ya matiti, ya tezi, ya mifupa na nyingine nyingi. Lakini inaudai moyo. Kila dozi hujumlishwa na zilizotangulia, maisha yote. Jumla ikifika kati ya miligramu 450 na 550 kwa kila mita ya mraba ya mwili, madaktari huogopa kuongeza, kwa sababu misuli ya moyo huanza kulegea. Pengine madhara huchelewa kwa miaka. Mtu kaishinda saratani, karudi kazini, halafu siku moja anapanda ngazi na pumzi inamwishia katikati.

Suala la kuitenga dawa hii na moyo lilipata jibu kutokana na kitu kilichogunduliwa kwa shughuli nyingine kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mtafiti wa damu Alec Bangham, aliyekuwa Babraham karibu na Cambridge, Uingereza, alichunguza kwa hadubini ya elektroni mafuta yanayojenga ngozi ya seli zetu. Molekuli ya mafuta hayo ina kichwa kinachopenda maji na mikia inayoyakimbia. Ukizitia majini, zinajipanga zenyewe: mikia inafichana ndani, vichwa vinatazama nje, na kunatokea vifuko vidogo mno vilivyobeba maji tumboni. Vifuko hivyo huitwa liposomu.

Huko Jerusalem, Yechezkel Barenholz na Alberto Gabizon walivitumia kubebea doksorubisini. Kifuko chao kina upana wa takriban nanometa 100 au pungufu, maana yake chembe nyekundu moja ya damu inakizidi upana kama mara 70. Ndani waliweka chumvi ya amonia inayoivuta dawa iingie, kisha dawa hiyo inaganda kuwa fuwele na kushindwa kutoka. Nje wakakivika nyuzi za polima zinazonasa maji, ili walinzi wa mwili walioko kwenye ini na bandama wasikitambue haraka. Kwa hiyo kifuko huzunguka kwenye damu zaidi ya siku mbili.

Siri ya kazi yake iko kwenye mishipa. Uvimbe wa saratani hukua kwa pupa, na mishipa yake ya damu hujengwa ovyo, imejaa nyufa. Wajapani Yasuhiro Matsumura na Hiroshi Maeda walilieleza jambo hili mwaka 1986. Kifuko hupenya kwenye nyufa hizo. Kwenye mishipa ya moyo, iliyoshonwa barabara, hakipiti kwa urahisi.

Hapa ndipo magazeti hupenda kuandika habari za risasi isiyokosa shabaha. Naomba tusifike huko. Mwaka 2016 watafiti wa Toronto walipitia majaribio ya miaka 10 na kukuta kwamba, kwa kawaida, asilimia 0.7 tu ya chembe za nano, yaani vibebeo vidogo kama kifuko hiki, zilizodungwa mwilini ndiyo hufika kwenye uvimbe. Na utafiti wa mwaka 2004 uliohusisha wanawake 509 wenye saratani ya matiti iliyosambaa ulionyesha kwamba dawa ya kwenye kifuko haikurefusha maisha kuliko ile ya kawaida. Ila waliopewa ya kawaida walikuwa katika hatari ya kuumia moyo zaidi ya mara tatu. Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa.

Kifuko nacho kina adha yake. Dawa hupenya hadi kwenye viganja na nyayo, ngozi ikawa nyekundu, ikauma, ikachubuka. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa kwa siku kadhaa asioge maji ya moto na asivae viatu vya kubana. Mwambie hivyo mama anayefua kwa mikono na kubeba ndoo kila asubuhi, kisha umtafutie wa kumsaidia.

Marekani iliidhinisha dawa hii ya kwenye kifuko mwaka 1995, ikiwa dawa ya kwanza ya nano kupewa kibali huko, na ugonjwa uliotajwa kwenye kibali ulikuwa Kaposi sakoma kwa watu wenye UKIMWI. Saratani hiyo, yenye mabaka ya zambarau miguuni na mdomoni, ilijulikana Uganda na Kongo hata kabla ya VVU. Lakini bei imeiweka dawa mbali na wagonjwa wetu. Jaribio kubwa lililotangazwa mwaka 2020, lililofanyika Kenya, Uganda, Malawi, Zimbabwe, Afrika Kusini na Brazil, lililinganisha dawa zinazopatikana, zote zikiambatana na dawa za kufubaza VVU. Paklitakseli ilishinda: baada ya wiki 48, asilimia 64 ya waliopewa walikuwa hai bila ugonjwa kusonga mbele, dhidi ya 44 kwa mchanganyiko wa bleomisini na vinkristini. Doksorubisini ya kwenye kifuko, iliyokuwa na kibali cha ugonjwa huohuo kwa miaka 25, haikuwemo kwenye ulinganisho.