Fahamu: Kwa nini filamu ya Halloween ya 1978 bado inatisha

Kila Oktoba inapoelekea ukingoni, Wamarekani huirudia Halloween. Iligharimu takriban dola 300,000 tu, ikaingiza takriban dola milioni 70. Mbona haichuji?

Ukata wenyewe ulisaidia. Mwongozaji John Carpenter hakuwa na fedha za kuunda zimwi, hivyo kikanunuliwa dukani kinyago cha bei poa cha kuvaliwa na muuaji, chenye sura ya Kapteni Kirk wa tamthilia ya Star Trek. Kikaondolewa nyusi na sharafa, kikapanuliwa matundu ya macho, kikapakwa rangi nyeupe. Ukatoka uso usio na hasira wala huruma, na mtazamaji analazimika kuujazia hofu yake mwenyewe.

Hadithi ni ya Illinois msimu wa majani kupukutika, lakini ilipigwa California wakati wa machipuko. Majani yakapakwa rangi, yakamwagwa barabarani, kisha yakazolewa kwa ajili ya shoti nyingine. (Angalia vizuri, utaiona miti ya jamii ya mnazi ya California huko nyuma.)

Damu haionekani sana. Kinachotisha ni muuaji kusimama tu kando ya ua mchana kweupe, pamoja na muziki aliotunga Carpenter mwenyewe: kinanda chenye mapigo matano badala ya manne tuliyoyazoea, hata sikio halitulii.

Mwaka 2006 iliingizwa kwenye orodha ya filamu zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani. Miendelezo yake ni mingi, mingine ya hovyo. Anza na hii, na usizime sauti.