"Kali sana" hainyooshi ghorofa

Mzee hakusema kitu. Aliiweka picha yangu juu ya kaunta, akaisogeza taa karibu, akaokota vipande viwili vya kadibodi vilivyokatwa mfano wa herufi L na kuanza kuvitembeza juu yake kama fundi anayepima dirisha. Akaziba anga. Akaziba barabara, pale basi la mwendokasi lilipopita na kuacha mistari ya taa nyekundu. Kilichosalia hakikuzidi ukubwa wa pakiti ya sigara: pembe ya ghorofa moja la Posta, madirisha manne yanayowaka, na mlinzi kwenye kiti cha plastiki mbele ya mlango wa kioo.

"Ulitaka nione nini, mwanangu?"

Nikababaika. Nilikuwa nimekwenda studio kwake Kariakoo kusafisha picha na, nikiri tu, kusifiwa. Ofisini walishaniambia ni kali sana. Shemeji yangu akaongeza "hatari". Ukishayasikia hayo mara kumi unaanza kupanga ukutani mahali pa kuitundika.

"Mji, mzee. Maghorofa ya usiku."

"Mji wote?" Akaviweka vile vipande pembeni. "Na hili mbona linaanguka?"

Kweli, lilikuwa linaanguka. Nilisimama karibu mno, nikainua kamera ili kilele kiingie, na kuta zake zikaegemeana juu kama nguzo za kibanda kilichochoka. Ukiwa barabarani jicho hulisamehe jambo hilo, kwa kuwa akili inajua ghorofa limesimama wima. Karatasi haisamehi. Kamera ikiinuliwa, mistari ya wima hukaribiana kadiri inavyopanda, na gizani, ambako mistari yenyewe ni safu za madirisha yenye taa, kasoro inaonekana maradufu. Dawa si ngumu, ni uvivu tu: rudi nyuma, au panda juu. Ghorofa ya tatu au ya nne ya jengo la kuegeshea magari itakuweka karibu na kimo cha unachokipiga. Kamera ikilala sawa, kuta zinasimama. Programu za kompyuta zinanyoosha pia, lakini zinakula pembe za picha na kukivuta kilele kikawa kirefu kuliko kilivyojengwa. Ziko lenzi za kusogeza zilizotengenezwa kwa kazi hiyohiyo. Bei yake inanunua bodaboda.

Ukiamua jengo liiname, liiname kwelikweli, mtu ajue umekusudia. Langu liliinama kidogo, kama aliyekunywa akadhani hajulikani.

Nimekuwa nikilifikiria swali la yule mzee kuliko kasoro yenyewe. Wanaotuhakiki huwa wa namna mbili. Kuna wa "kali sana", na kuna wa orodha: ungepunguza ISO, ungebana tundu la lenzi, ungekata kulia. Wa kwanza hawakuambii kitu. Wa pili wanakuambia namna wao wangepiga picha yao. Mzee alitaka kwanza kujua picha ilikuwa inakwenda wapi, ndipo aseme kama imefika. Tangu siku hiyo simpi mtu picha nikamuuliza "unaionaje?" Namwambia nilichokitaka, kwa mfano kuonyesha jinsi kioo cha jengo jipya kinavyolimeza paa la jengo la zamani, kisha nauliza: jicho lako limetua wapi kwanza, na limekwama wapi? Hata asiyewahi kushika kamera anaweza kujibu hilo. Mara nyingi hujibu vizuri kuliko mpiga picha, kwa kuwa hana haja ya kujionyesha anajua.

Na picha niliyomwonyesha ilikuwa na kosa jingine, la saa. Niliipiga saa 3 usiku. Anga ilikuwa nyeusi tii, na paa la jengo lilikuwa jeusi vilevile, kwa hiyo hukujua jengo linaishia wapi. Ghorofa linapigwa usiku kabla usiku haujaingia. Dar es Salaam kipimo tunacho bure, kinatoka misikitini. Adhana ya magharibi ikilia, jua limezama. Mwezi Juni ni saa 12 na robo hivi, Januari ni karibu saa 1 kasoro dakika 10. Funga kamera kwenye stendi, subiri kama robo saa. Anga inageuka bluu nzito, taa za ndani zinaanza kushindana nayo, na kwa dakika chache vyote viwili vinalingana nguvu. Huo ndio wakati. Adhana ya isha ikikukuta bado unahangaika na skrubu za stendi, umeshachelewa.

Sisi wa karibu na ikweta tunapunjwa hapa. Jua letu linashuka karibu wima, na giza linaingia upesi. London mwezi Juni mwanga huo hujivuta zaidi ya dakika 40. Kwetu, dakika 20 na ushei, kwisha. Vitabu vingi vya upigaji picha vimeandikwa na watu wa kaskazini, ndiyo maana vinakushauri utembee huku na huko ukitafuta sehemu ya kusimama. Dar ukitembea, imekula kwako. Sehemu unaitafuta jana yake, mchana.

Niliitafuta Kigamboni. Ukivuka kwa pantoni na kugeuka nyuma, mji uko magharibi yako, kwa hiyo bluu ya jioni inakaa nyuma ya majengo. Maghorofa ya Barabara ya Sokoine yanasimama kwa urefu wao, na chini yake kuna mnara wa kanisa la Azania Front, uliojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne iliyopita, sasa mdogo kama mtoto aliyesimama kati ya wajomba. Bila huo mnara hujui maghorofa ni marefu kiasi gani. Maji yanafanya kazi iliyobaki.

Nilianza na ISO 100, tundu f/8, sekunde 2. Baada ya robo saa nilikuwa nahitaji sekunde 15 kupata mwanga uleule. Picha sita za kwanza zilikuwa na ukungu mweupe, nikalaani vumbi, kumbe nilitoka moja kwa moja kwenye gari lenye kiyoyozi: lenzi baridi ikikutana na hewa ya pwani inatoa jasho kama chupa ya soda. Siku hizi begi la kamera nalifungua nusu saa kabla. Begi lenyewe nalining'iniza chini ya stendi ili upepo usiitikise, nazima kitulizaji cha lenzi, na naipa kamera sekunde 2 za kusubiri baada ya kubonyeza.

Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022 kati ya Oysterbay na upande wa hospitali ya Aga Khan, lilinifundisha kwamba stendi nzuri haitoshi. Nilisimama juu ya daraja lenyewe. Kila lori lililopita lilinitikisa mimi, stendi na picha. Madaraja yapigwe kutoka ufukweni. Tena mwone mlinzi au askari mapema, jua likiwa bado liko juu, umweleze unachofanya. Mtu mwenye stendi gizani karibu na bandari au jengo la serikali hujieleza kwa shida.

Picha ya jengo la usiku ninayoirudia zaidi haina ghorofa. Julius Shulman aliipiga mwaka 1960, nyumba iliyobuniwa na Pierre Koenig juu ya kilima cha Los Angeles: wanawake wawili wamekaa ndani ya sebule ya vioo, na taa za mji zimetandazwa chini yao. Kamera iliachwa wazi dakika saba hivi ili mji uingie, ndipo taa ya flashi ikawamulika wale wawili. Bila watu, nyumba hiyo ingekuwa tangi la samaki tu. Nilipoikumbuka ndipo nikaelewa kwa nini vipande vya kadibodi vya mzee viliishia kwa mlinzi na kiti chake.

Nilirudi Kariakoo na picha ya Kigamboni. Shikamoo, marahaba, kaa. Nikamwambia: nilitaka kanisa lionekane dogo bila kupotea. Safari hii hakugusa kadibodi. Aliitazama muda, akaniambia kwenye simu nimeiona nyeupe kuliko ilivyo, kwa sababu kioo cha simu gizani kinawaka chenyewe. Iongezwe mwanga kidogo ndipo isafishwe upya. Kisha akaweka ukucha kwenye nukta ya kijani, chini kushoto.

"Jicho langu linakwama hapa. Hii taa ya nini?"

"Ya msikiti, mzee."

Akainama tena. "Basi iache," akasema, akanidai elfu nne.