Mpangilio wa Kipuri Kabla ya Kipimo: Kwa Nini Sifuri Iwekwe Mahali Pake

Na Mwandishi Wetu

Mwananchi anaponunua nyama buchani hutazama kwanza iwapo mshale wa mizani umesimama kwenye sifuri. Mizani isiyoanzia kwenye sifuri humpunja mnunuzi, hata kama namba zake zinasomeka vizuri. Kanuni hiyo hutumika pia viwandani, pale vipuri vya pampu, matrekta na mitambo vinapopimwa kwa mashine ya kupimia viwianishi.

Mashine hiyo ina meza, ambayo kwa kawaida ni ya jiwe la granaiti, pamoja na kigusio chenye tufe dogo la yakuti kwenye ncha. Kigusio husogea katika mihimili mitatu, na kila kinapogusa kipuri kompyuta hurekodi mahali pa nukta hiyo. Mashine bora hutambua tofauti za mikromita chache. Mikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita.

Hata hivyo, mashine haijui kipuri kimekaaje juu ya meza. Ni jukumu la fundi kuiarifu kabla ya kupima chochote. Kazi hiyo huitwa mpangilio, na njia inayotumika sana ni ya 3-2-1.

Kitu kilicho huru kinaweza kwenda kwa njia sita: kusogea katika pande tatu na kuzunguka katika mihimili mitatu. Kwanza, fundi hugusa nukta tatu kwenye uso mkuu wa kipuri. Uso huo huzuia kuinama kwa pande mbili, pamoja na kupanda au kushuka. Pili, hugusa nukta mbili ubavuni, nazo huzuia kipuri kuzunguka juu ya meza na kusogea upande mmoja. Tatu, hugusa nukta moja kwenye upande uliosalia, na njia ya sita hufungwa. Hapo ndipo sifuri ya vipimo hupatikana.

Idadi hiyo ni ya chini kabisa. Nukta tatu daima hutoa uso bapa katika hesabu, hivyo haziwezi kufichua uso uliopinda. Kwa sababu hiyo mafundi makini huongeza nukta na kuzitawanya mbalimbali. Aidha, nyuso za rejea hazichaguliwi kwa urahisi wa fundi, bali hufuata mchoro wa mhandisi, kwa kuwa ndizo zitakazogusana na sehemu nyingine kipuri kitakapofungwa.

Athari za kukosea si ndogo. Mpangilio ukiinama kwa nyuzi 0.1 tu, tundu lililo umbali wa milimita 300 litaonekana limehama kwa takriban milimita 0.5. Kipuri kizima kinaweza kukataliwa, au kibovu kikapokelewa na kufungwa kwenye pampu ya maji inayotegemewa na kijiji kizima.

Jambo jingine ni joto. Kiwango cha kimataifa cha vipimo vya urefu ni nyuzi joto 20 za Selsiasi. Chuma cha kawaida cha viwandani hakina budi kutanuka joto linapopanda: kipande cha chuma cha milimita 500 kikipimwa kwenye nyuzi 30 bila marekebisho, huongezeka kwa takriban milimita 0.06.

Kwa misingi hiyo, taasisi na karakana zinazoagiza vipuri zinashauriwa kudai ripoti ya vipimo inayotaja nyuso za rejea zilizotumika, joto la chumba na cheti hai cha ugezi wa mashine. Hapa nchini, Shirika la Viwango Tanzania (TBS) hutoa huduma za ugezi wa vifaa vya kupimia.

Namba yenye desimali nyingi haitoshi kuthibitisha ubora wa kipuri. Mpokeaji hana budi kujua kwanza namba hiyo imeanzia wapi.